Adui Asiyesimama Langoni

Katika kila lango la kambi, la kituo cha polisi na la gereza, yuko askari wa zamu. Askari huyo huuliza jina la mgeni, hutazama kitambulisho chake, hupekua mzigo wake, kisha huandika daftarini saa aliyoingia. Kazi hiyo ni ya kale na heshima yake ni kubwa, kwa kuwa usalama wa wote waliolala ndani humtegemea yeye aliye macho. Lakini yuko adui mmoja ambaye askari huyo, hata awe hodari namna gani, hawezi kumwona akipita. Adui huyo hana kitambulisho, habebi silaha, wala haruki ukuta. Huingia ndani ya mwili wa kuruta aliyetoka likizo, wa mpishi aliyekwenda sokoni, au wa mahabusu aliyeshushwa jana kutoka mahakamani. Adui huyo ni maradhi ya kuambukiza.

Ndugu wasikilizaji, mahali panapofaa kutazamwa kwa ajili ya jambo hili ni Luzira, upande wa kusini-mashariki wa Kampala, kandokando ya Ziwa Victoria. Hapo yamekusanyika katika eneo dogo mambo ambayo kwingineko hutengana. Yapo magereza makubwa ya nchi: Luzira Upper, ambalo msingi wake ni wa miaka ya 1920, Murchison Bay, gereza la mahabusu na gereza la wanawake. Ipo hospitali ya magereza. Zipo nyumba za askari pamoja na wake, waume na watoto wao. Kipo pia chuo cha magereza, ambamo vijana wa kiume na wa kike hufundishwa kwata, sheria na ulinzi wa wafungwa kabla ya kupelekwa kazini. Na si mbali na hapo iko bandari ya Port Bell, mahali pa meli, mitumbwi, wavuvi na wachuuzi.

Chuo kilichowekwa katikati ya mambo hayo hakiwezi kusema kwamba maradhi ya mjini hayakihusu. Kila asubuhi askari hutoka nyumbani kwake na kuingia gerezani, na kila jioni hutoka gerezani na kurudi kwa watoto wake. Mfungwa amefungwa, lakini pumzi yake haikufungwa. Kuruta yumo chuoni, lakini chakula chake kimetoka nje na maji yake yametoka ziwani. Kwa hiyo suala la kukiandaa chuo kwa ajili ya mlipuko wa maradhi ni sehemu ya ulinzi wenyewe, wala si jambo la pembeni la kuachiwa mganga wa zahanati peke yake.

Jina lenyewe la Port Bell linakumbusha jambo hilo. Bandari hiyo ilipewa jina la Hesketh Bell, aliyefika Uganda mwaka 1906 kuongoza utawala wa Waingereza. Wakati huo ugonjwa wa malale ulikuwa umeteketeza mwambao wa ziwa katika Busoga na Buganda. Zaidi ya watu 200,000 walikufa katika miaka ile. Mwaka 1903 wataalamu waliofanya kazi Entebbe, miongoni mwao Aldo Castellani na David Bruce, walikuwa wametambua kijidudu kinacholeta ugonjwa na kwamba hubebwa na mbung'o. Tiba ya kutegemewa haikuwapo. Bell akaamuru wakazi wa ukingo wa ziwa na baadaye wa visiwani waondolewe, waziache nyumba, migomba, mitumbwi na makaburi ya wazee wao. Amri ile iliwatenga watu na mbung'o, lakini ilikuja baada ya vifo vingi mno, na wenye kuilipa kwa jasho na machozi walikuwa wananchi wenyewe. Hapo ndipo penye funzo. Hatua inayochukuliwa mapema huwa nyepesi; ikicheleweshwa, huwa nzito kama adhabu. Wahenga walikwisha kusema, usipoziba ufa utajenga ukuta.

Sababu ya vyuo vya mafunzo kuwa katika hatari kubwa si ngumu kueleweka. Katika kijiji, mtu hulala na jamaa zake wachache, na shamba humtenga na jirani. Katika chuo cha askari, vijana waliotoka wilaya zote za nchi hukutanishwa siku moja, kila mmoja na maradhi ya kwao. Hulala bweni moja, hula bwalo moja, hutumia bomba na choo kimoja, hupiga kelele pamoja katika kwata, na huchoka kwa pamoja mpaka miili inapungua nguvu ya kujikinga. Yale yale yanayojenga umoja wa kikosi ndiyo yanayolisha maradhi. Askari hufundishwa kwenda bega kwa bega. Virusi navyo hupenda mabega yaliyokaribiana.

Mfano ulio wazi ulionekana katika Vita Kuu ya Kwanza. Mwaka 1917, katika kambi ya makuruta ya Caterham huko Uingereza, daktari wa jeshi aitwaye J. A. Glover alichunguza homa ya uti wa mgongo. Kwa sababu ya wingi wa makuruta, vitanda vilikuwa vimesogezwa mpaka karibu kugusana. Glover aliona kwamba kadiri vitanda vilivyokaribiana, ndivyo walivyoongezeka vijana waliobeba vijidudu kooni bila wao wenyewe kuugua. Vitanda vilipotenganishwa, nafasi ya kiasi cha futi mbili na nusu ikawekwa kati ya kitanda na kitanda, idadi ya wabebaji ikashuka. Hapakuhitajika mashine wala dawa ya bei kubwa. Ilihitajika futi, chaki, na mkuu wa kambi aliyekubali kwamba bweni lililojaa kupita kiasi ni udhaifu katika ulinzi.

Uganda nayo inayo mafunzo yake, tena ya karibu na ya uchungu. Mwaka 2000 Ebola ililipuka katika wilaya ya Gulu. Katika hospitali ya Lacor, miongoni mwa waliotangulia kufa walikuwa wanafunzi wa uuguzi, vijana waliokuwa wakijifunza kazi kwa kuwahudumia wagonjwa. Daktari Matthew Lukwiya, aliyekuwa Kampala kwa masomo, aliitwa kurudi. Alipofika alisoma majalada ya wagonjwa, akaona jinsi dalili zilivyofanana, akafungua wodi ya kuwatenga wagonjwa hata kabla majibu ya maabara hayajarudi kutoka Afrika Kusini. Mlipuko huo ulihesabiwa kuwa na wagonjwa 425, na 224 kati yao walifariki. Daktari Lukwiya mwenyewe aliambukizwa, akafariki tarehe 5 Desemba 2000. Taifa lilimpoteza mtu shujaa, lakini halikupoteza somo alilolifundisha: anayesubiri uhakika kamili ndipo atende, huwa amempa adui usiku mzima wa kutembea.

Mwaka 2020 ukaleta jambo jingine. Serikali ya Uganda ilifunga shule na vyuo tarehe 20 Machi, siku moja kabla ya mgonjwa wa kwanza wa korona kutangazwa nchini. Haraka ile iliokoa maisha. Lakini shule hazikufunguliwa kwa wote mpaka tarehe 10 Januari 2022, na ulimwenguni kote hakukuwa na nchi iliyofunga shule zake kwa muda mrefu kuliko huo. Wako watoto ambao hawakurudi tena darasani. Magereza hayakuweza kufungwa kwa namna ile, kwa maana mfungwa hapelekwi nyumbani kwa sababu ya homa ya jirani. Mwezi Aprili 2020 wafungwa 833 walisamehewa ili kupunguza msongamano. Wapya waliwekwa kando kwanza kabla ya kuchanganywa na wengine. Hata hivyo, mwezi Agosti mwaka huo zaidi ya wafungwa 150 walikutwa na maambukizo katika gereza la Amuru. Ukuta mrefu uliwazuia watu, virusi haukuvizuia.

Mwaka 2022 Ebola ilirudi kupitia Mubende, ikatangazwa tarehe 20 Septemba. Ilikuwa ya aina ya Sudan, ile ile iliyopita Gulu, ambayo haikuwa na chanjo iliyoidhinishwa. Mwezi Oktoba ilifika Kampala, ikaingia katika familia zenye watoto wanaosoma. Serikali iliamua muhula wa shule uishe mapema, tarehe 25 Novemba, kwa sababu darasani watoto hukaa karibu karibu kutwa nzima. Askari waliwekwa barabarani kusimamia zuio la kuingia na kutoka Mubende na Kassanda. Mlipuko ulipotangazwa kwisha tarehe 11 Januari 2023, wagonjwa waliothibitishwa walikuwa 142, na 55 kati yao walikuwa wamefariki. Kisha tarehe 30 Januari 2025 ilitangazwa tena, safari hii ndani ya Kampala, baada ya muuguzi wa hospitali ya Mulago kufariki. Alikuwa amekwenda kutafuta tiba mahali pengi kabla ya ugonjwa wake kutambuliwa. Mara hiyo majibu yalitoka Entebbe, katika taasisi ya nchi ya utafiti wa virusi. Majaribio ya chanjo yalianza ndani ya siku 4 tangu tangazo. Na mpaka tarehe 26 Aprili, siku ya kutangazwa kwisha, waliohesabiwa kuugua walikuwa 14 tu, na waliokufa 4.

Tofauti kati ya 425 na 14 haikuletwa na bahati peke yake. Imeletwa na maabara iliyojengwa wakati wa amani, watumishi waliofunzwa wakati wa amani, na majina ya waliogusana na wagonjwa yaliyotafutwa bila kupoteza siku. Hivyo ndivyo inavyopaswa kuwa katika chuo cha Luzira na katika kila chuo cha jeshi, polisi na magereza. Maandalizi hayafanywi siku ya king'ora. Siku ya king'ora ni siku ya kutumia kile kilichokwisha kuandaliwa.

Sasa, maandalizi hayo ni yapi? La kwanza ni kujua njia ya adui. Kamanda hawezi kuweka lindo asipojua barabara. Maradhi huja kwa njia kadhaa, na kila njia ina mahali pake chuoni. Mafua, korona, kifua kikuu na homa ya uti wa mgongo hupita katika pumzi; hayo hulindwa bwenini na darasani, kwa madirisha yaliyo wazi na nafasi kati ya vitanda. Kipindupindu na homa ya matumbo hupita katika maji na chakula. Hayo hulindwa jikoni, bwaloni na chooni. Ebola hupita katika kugusa damu, matapishi na majimaji mengine ya mgonjwa au ya maiti. Hiyo hulindwa katika zahanati, na katika mikono ya yule anayemwinua mwenzake aliyeanguka. Chuo kinachonunua barakoa peke yake kimefunga mlango mmoja, na milango mingine kimeiacha wazi.

Kuhusu maji, watu wa Luzira hawana haja ya kuhubiriwa sana. Mfereji wa Nakivubo huchukua maji machafu ya Kampala na kuyapeleka katika ghuba ya Murchison, ghuba ile ile ambayo mji huchotea maji yake ya kusafishwa. Katika miezi ya mwanzo ya mwaka 2015 homa ya matumbo ilienea Kampala, na watu zaidi ya 10,000 walishukiwa kuugua; uchunguzi ulionyesha kwamba maji ya kunywa na vinywaji vya matunda vilivyouzwa mitaani vilikuwa vimechafuka. Kwa chuo, maana yake ni kwamba maji ya kunywa yachemshwe au yatiwe dawa, matangi yafunikwe na kusafishwa kwa tarehe zinazojulikana, wapishi wapimwe, na sabuni isiwe kitu cha kuonekana siku ya ukaguzi tu. Ndoo yenye bomba, iliyowekwa mlangoni mwa bwalo na kujazwa kila siku, ina thamani kuliko hotuba kumi juu ya usafi.

La pili ni taarifa ya asubuhi. Kila chuo cha askari huhesabu watu wake alfajiri. Hesabu hiyo hiyo inaweza kuwa silaha dhidi ya maradhi, iwapo pamoja na waliopo na wasiokuwapo itaandikwa pia idadi ya wenye homa, wenye kuhara na wenye kukohoa, bweni kwa bweni. Mtu mmoja mwenye homa ni jambo la kawaida katika nchi yenye malaria. Watano wa bweni moja katika siku mbili ni ishara, na ishara hiyo haionekani ila na yule anayeandika. Ebola yenyewe huanza kama malaria, kwa homa, maumivu ya kichwa na uchovu. Ndiyo maana mara nyingi imewapita waganga wazuri. Daftari lililoandikwa vema humwezesha hata mganga mdogo kuona kile ambacho macho ya mtu mmoja hayawezi kukiona.

La tatu ni chumba cha kutengea wagonjwa. Chumba hicho hakijengwi baada ya mgonjwa kupatikana. Kichaguliwe mapema, kiwe na mlango wake, choo chake na maji yake, na mtu ajulikane atakayehudumu humo na vifaa vya kujikinga atakavyovaa. Tena kiwe mahali pa kutunzia mtu. Kikifanana na mahabusu, hakuna kuruta atakayekwenda kwa hiari yake. Mgonjwa apate chakula cha moto, apate habari za nyumbani, na atembelewe kwa mbali na mkufunzi wake. Namna anavyotunzwa mgonjwa wa kwanza ndiyo itakayoamua kama wa pili atajitokeza au atajificha.

La nne ni mazoezi. Jeshi hufanya mazoezi ya vita ambavyo linaomba visitokee. Chuo nacho kiweze kufanya zoezi la mlipuko: saa 10 za usiku, kuruta mmoja anatapika damu bwenini. Nani anaitwa? Nani haruhusiwi kumgusa? Ufunguo wa stoo ya glavu anao nani, na akiwa likizo anao nani? Gari gani litamchukua, na dereva atavaa nini? Simu ya ofisi ya afya ya wilaya imeandikwa wapi? Maswali hayo ni madogo mchana, lakini usiku wa tukio, kila moja lisilo na jibu linaweza kugharimu uhai wa mtu.

Yote hayo, hata hivyo, hayatafaa kitu bila jambo la tano, ambalo halinunuliwi kwa fedha. Jambo hilo ni ukweli. Mwezi Februari 1976, katika kambi ya mafunzo ya Fort Dix nchini Marekani, kuruta mmoja wa miaka 19 aliugua homa. Aliambiwa alale apumzike. Akaondoka kitandani, akaenda na wenzake katika matembezi ya usiku, akaanguka, na baada ya saa chache akafa. Ilikuwa aina mpya ya mafua. Vipimo vya damu vilivyofanywa baadaye vilionyesha kwamba makuruta wapatao 230 wa kambi ile walikuwa wamekwisha kuambukizwa. Kijana yule hakuwa mtovu wa nidhamu kwa nia mbaya. Bila shaka alitaka kufanya kile ambacho kuruta wote duniani hutaka, yaani asibaki nyuma ya wenzake.

Kisa hicho kina upande wa pili unaostahili kusemwa kwa uadilifu. Baada ya kifo kile serikali ya Marekani ilichanja watu zaidi ya milioni 40, na mafua yale hayakuenea nje ya kambi. Chanjo ile ilisimamishwa mwezi Desemba mwaka huo huo, baada ya baadhi ya waliochanjwa kupata ugonjwa wa kupooza. Kwa hiyo funzo la Fort Dix si kwamba kila homa ipigiwe king'ora cha nchi nzima. Pupa nayo ina gharama. Funzo ni kwamba kiongozi achukue hatua inayolingana na kile alichokithibitisha, aendelee kupima, na asione aibu kubadilisha amri hali inapobadilika.

Katika vyuo vya askari ipo desturi ya kusifu ustahimilivu. Desturi hiyo ni njema, maana kazi ya ulinzi haimfai mtu wa kulialia. Lakini desturi njema ikizidi mpaka wake hugeuka sumu. Kuruta anayeogopa kuitwa mvivu, au kuogopa kurudishwa nyumbani na kukosa ajira ambayo ukoo mzima unaitegemea, atameza vidonge kwa siri na kusimama kwenye gwaride huku akitetemeka. Wa kulaumiwa si yeye peke yake. Wakufunzi waliomcheka aliyetangulia kusema anaumwa, wao ndio waliomfundisha kunyamaza. Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini katika bweni la vijana 100 kifo hakimuumbui mfichaji peke yake.

Kwa sababu hiyo amri ya mkuu wa chuo inapaswa kuwa wazi, isomwe mbele ya gwaride siku ya kwanza: kwamba kuripoti homa ni wajibu sawa na kuripoti bunduki iliyopotea, kwamba anayeripoti hatapoteza nafasi yake katika mafunzo, na kwamba atakayemzuia mwenzake kwenda zahanati ndiye atakayejibu mashtaka. Amri ya namna hiyo haipunguzi nidhamu. Huipeleka mahali inapohitajika zaidi.

Na ukweli huo usidaiwe kwa wadogo tu. Mkuu wa chuo naye hujaribiwa. Mgeni wa heshima anatarajiwa kwenye sherehe ya kuhitimu, gwaride limefanyiwa mazoezi kwa miezi, na sasa mganga anasema kuna wagonjwa saba wanaofanana. Ni rahisi kusema, wangojee mpaka sherehe ipite. Lakini ikumbukwe siku ya kuhitimu ni siku gani. Ni siku ambayo mamia ya askari wapya hutawanyika, huyu Arua, yule Kabale, mwingine Moroto, kila mmoja akaingie katika gereza lililojaa watu wasioweza kukimbia. Maradhi yakiachwa yahitimu pamoja nao, yatakuwa yamepewa sare, barua ya uhamisho na nauli ya basi. Heri sherehe icheleweshwe wiki tatu, yaani zile siku 21 ambazo Ebola inaweza kujificha mwilini, kuliko chuo kikumbukwe kwa kusambaza msiba.

Hapo pia ndipo linapojibiwa swali la kufunga chuo. Wapo wanaodhani kwamba tishio likitokea, dawa ni kuwapeleka vijana wote makwao siku hiyo hiyo. Pengine hivyo ndivyo inavyofaa, maradhi yakiwa bado yako mbali. Lakini yakiwa yamekwisha kuingia, kuwatawanya watu kabla ya kuwapima na kuandika majina ya waliogusana ni sawa na kulifungua lango usiku na kumwachia adui njia zote. Uamuzi wa kufunga au kubaki ufanywe pamoja na Wizara ya Afya, kwa kutazama ugonjwa wenyewe na njia yake, wala usifanywe kwa hofu ya saa moja. Na chuo kitakachobaki kimefungwa na watu ndani kiwe na chakula, maji, dawa na maneno ya kweli ya kuwatuliza, maana watu wasioambiwa kitu husikiliza uvumi.

Mwisho, liko jambo linalohusu heshima ya taifa. Askari wa magereza hulinda watu ambao nchi imewanyima uhuru kwa mujibu wa sheria. Mahakama ikimhukumu mtu miaka 3, imemhukumu miaka 3. Haikumhukumu kufa kwa kipindupindu. Raia wa mtaani akiona jirani anakohoa anaweza kuondoka. Mfungwa hawezi kuondoka, wala kuchagua kitanda, wala kufungua dirisha asiloruhusiwa. Afya yake iko mikononi mwa kijana yule yule anayefundishwa leo Luzira. Mikono hiyo ikiwa imefundishwa kushika rungu tu, bila kufundishwa kunawa, kupima homa na kuandika daftari, mafunzo yake yamebaki nusu.

Wako watu husema ajali haina kinga. Methali hiyo ina mahali pake, lakini mlipuko wa maradhi si radi inayoanguka penye mbingu safi. Gulu, Amuru, Mubende na Mulago zimekwisha kuonyesha njia zake, na miaka yake imekwisha kuandikwa. Ugonjwa ujao huenda ukawa na jina jingine, lakini utaingia kwa milango ile ile: pumzi, maji, mikono, na ukimya wa mtu anayeogopa kusema. Milango mitatu ya kwanza hulindwa kwa nafasi, sabuni na glavu. Wa nne hulindwa na kiongozi anayesikiliza.

Askari wa zamu ataendelea kusimama langoni Luzira, usiku na mchana, na kazi yake haitapungua heshima. Lakini nyuma yake, bwenini, jikoni na zahanati, panahitajika zamu ya pili isiyolala: ya mpishi anayechemsha maji, ya kiranja anayehesabu wenye homa, ya kuruta anayesema mapema kwamba hajisikii vema, na ya mkuu wa chuo anayepokea habari hiyo kama taarifa ya doria iliyomwona adui. Chuo chenye zamu hizo mbili hakitakosa wagonjwa, lakini kitawajua mapema, na kitaweza kuwalinda waliobaki.